Nipimie Nyundo

Kwanza mwijue mashine yenyewe, maana mtu akisikia trekta inakata majani anafikiria slasha, ile yenye visu viwili chini ya sahani, ambayo ikigonga jiwe, jiwe linakwenda kumtafuta mtu mahali alipo. Yetu si hiyo. Yetu ina shafti iliyolala upana mzima wa mashine, shafti ina masikio pande zote, na kwenye kila sikio imening'inizwa nyundo ya chuma kwa bolti. Pitio ya trekta (PTO), ile shafti ya nyuma inayoendesha mashine, inazunguka mara 540 kwa dakika. Gia boksi na mikanda vinaikuza kasi hiyo mpaka shafti ya nyundo inafika takribani 2,000. Hapo nyundo zinanyooka zenyewe, zinapiga majani, zinayasaga na kuyamwaga nyuma yakiwa laini. Ikitokea jiwe, nyundo inajikunja kidogo kwenye bolti yake, inapita, inaendelea na kazi. Ndivyo kilivyoandika kitabu cha mashine. Kitabu hakikutaja ukubwa wa jiwe.

Mimi ni dereva wa trekta kwenye shamba la parachichi huku Njombe. Mwenye shamba tunamwita Mzee, na hata yeye akijitaja husema Mzee. Mashine hii aliileta kwa sababu mizizi ya parachichi inayolisha mti iko juu juu tu. Ukipitisha plau katikati ya mistari unaikata, na mti unakununia msimu mzima. Basi majani yanakatwa na kuachwa yafunike udongo. Na mvua ikishakolea Njombe, majani hayaoti, yanakimbia.

Majira hayohayo ndiyo ya ulanzi. Kwa ambaye hajafika nyanda hizi: kichipukizi cha mwanzi kinakatwa ncha, utomvu unadondokea kwenye mbeta, chombo cha mwanzi, unachacha wenyewe bila kuombwa. Ukiwa mbichi ni mtamu, unaitwa mtogwa, hata bibi wa kanisani anaonja. Ukishalala unakuwa mkangafu, na huo huuonji, unakuonja wewe. Shambani ulanzi una tabia moja: unaonekana mahali ambapo hakuna mtu aliyeuweka.

Siku hiyo nilikuwa nashuka mstari wa mwisho kando ya bonde, majani yamefika kiunoni. Ukaja mlio mzito wa chuma, halafu mlio mwepesi wa plastiki, halafu harufu. Mtu alikuwa amesimamisha dumu lake kwenye majani na kuliegemeza jiwe kubwa ili lisianguke. Nyundo zilianza na jiwe, zikamalizia na dumu. Mgongo wangu, kofia yangu, kiti cha trekta, vyote vilioga mkangafu.

Nikazima pitio. Mzee alikuwa amekwishafika. Yule mzee ana sikio la gharama: akiwa barazani kwake anakunywa chai anaweza kusikia bolti ikikatika ng'ambo ya kilima. Alikuja na koti lake refu na gambuti, akainama moja kwa moja kuchungulia chini ya mashine. Nikamdaka kola. Si adabu kumshika mtu mzima kola, najua, lakini shafti ile haisimami kwa sababu tu umezima pitio; inaendelea kuzunguka kimyakimya kwa muda wake, na heshima isiokoe kola ikapoteza vidole. Tukangoja mpaka ikatulia. Ndipo akanigeukia, pua zikacheza.

"Dereva."

"Naam, Mzee."

"Hebu pumua."

Nikapumua. Kwa hali ile hata ningekuwa nimetoka kubatizwa ningenuka ulanzi.

"Mzee," nikamwambia, "aliyelewa si mimi. Imelewa mashine."

Aliiangalia mashine, akaniangalia mimi, akaamua kuahirisha kesi.

Nyundo moja ilikuwa haipo, imeondoka na bolti yake. Sikio lake lilikuwa limepinda na kupasuka pale linapoungana na shafti. Nyingine zilichunwa tu. Kitabu kinaeleza vizuri sana jambo hili: nyundo ikiharibika, ibadilishe pamoja na ile inayoitazama upande wa pili, ili shafti isielemewe. Mzee akapiga simu Dar es Salaam kuuliza bei ya nyundo mbili. Alipotajiwa, alikaa kwenye tairi.

"Kwa kipande cha chuma?" akasema. "Chuma kipo hapahapa Njombe."

Akaitwa fundi. Huyu tunamwita Injinia. Cheti hana, lakini pia hakuna aliyewahi kumwomba. Alikuja na mashine ya kuchomelea imefungwa nyuma ya bodaboda, akasikiliza mkasa wote mikono nyuma, kisha akauliza swali la kwanza la kitaalamu.

"Na dumu, lilikuwa limejaa?"

"Pomoni."

Akavua kofia. "La njano," akasema polepole, akiangalia bonde. Hakuna mtu aliyekuwa amemtajia rangi.

Kazi aliifanya, tusimnyime haki yake. Alikata kipande cha springi ya lori. "Chuma hiki kimebeba mbao miaka mingapi," akasema, "leo kishindwe na majani?" Akakitoboa, akakipinda, akakinoa. Sikio akalipasha moto, akalinyoosha kwa nyundo nyingine, akalichomelea mpaka likawa nene kuliko lilivyozaliwa. Waya wa ethi, ule wa kurudisha umeme, aliubana kwenye bodi ya mashine ya majani, mahali palipokuwa karibu na mkono. Kumbukeni hilo la ethi, nitalirudia. Alipomaliza, nyundo yake ilikaa katikati ya zile za kiwandani, na hata mgeni angejua nani bwana harusi.

"Hii haivunjiki," Mzee akasema kwa furaha. Na kweli haikuvunjika. Ilivunja vingine.

Tukaijaribu palepale uani. Mzee alikuwa na kikombe chake cha chai, akakitua juu ya madigadi ya trekta ili mikono iwe huru kwa kupongeza. Nikaingiza pitio kwa resi ndogo, kimya, kila mtu akatabasamu. Nikaongeza. Spana zikaanza kutambaa kwenye sanduku. Nikaongeza tena kufika 540, na hapo nikaona Mzee wawili, wakati mmoja tu tayari ni mzigo. Kioo cha pembeni kikajigeuza kuangalia mbingu. Kuku waliondoka uani kwa mstari, mtetea mbele, bila kelele, wameamua. Kikombe kikateremka madigadi hatua kwa hatua, kikafika ukingoni, kikasita, kikaruka.

Injinia alikuwa anapiga kelele juu ya mtikisiko: "Iache! Ngeni hiyo, inazoeana na wenzake!"

Nikazima. Meno yangu yaliendelea kidogo.

Hapo ndipo alipoinuka mpwa wa Mzee. Huyu ni kijana wa kidato cha sita, alikuwa likizo, na mpaka siku ile tulijua ana macho mawili kwa kubahatisha tu, maana muda wote yalikuwa kwenye simu.

"Mjomba, ile nyundo mpya imezidi uzito."

"Imezidi kidogo tu," Injinia akasema. "Uimara huo."

Dogo akachukua kijiti, akaandika ardhini. Tuseme imezidi robo kilo. Kutoka katikati ya shafti mpaka kwenye nyundo ni sentimita 20. Mizunguko 2,000 kwa dakika. Akazidisha, akazidisha tena kasi kwa kasi, akafuta kwa kiatu, akaandika upya.

"Zaidi ya kilo 220, mjomba."

"Kilo 220 za nini?"

"Za kuvuta. Magunia mawili ya mahindi na debe juu yake. Yanavuta huku, yanavuta kule, mara 33 kila sekunde."

Injinia aliitazama ile hesabu kwa masikitiko. "Robo kilo imezaa magunia mawili na debe? Dogo, hesabu hizi uzilete wakati wa kuvuna."

"Na hiyo robo kilo," Mzee akauliza, "umeipima wapi?"

"Nimekisia."

"Basi nendeni mkapime."

Ni rahisi kusema. Mizani ya stoo yetu ni ya kupimia makreti. Ukiiwekea nyundo, mshale hauna habari. Dukani wanauza vitu vilivyokwishafungwa. Ikabaki bucha. Tukatia nyundo kwenye ndoo, ya Injinia, ile inayoitazama, na nyingine za kiwandani za kulinganishia, tukaenda. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, foleni imetoka mpaka barabarani.

"Kamwene," tukasalimia.

"Kamwene," mwenye bucha akaitika, jicho kwenye ndoo. "Mmeleta nini?"

"Nipimie nyundo."

"Hapa nauza nyama."

"Sinunui, kaka yangu. Nipimie tu."

"Ndiyo maana sikupimii."

Mama mmoja kwenye foleni akauliza kama sasa vyuma chakavu vinauzwa na mifupa. Ikabidi tununue nusu kilo ya mchanganyiko ndipo tukubaliwe. Hata hivyo mwenye bucha alitandika gazeti kwenye sahani ya mizani kabla ya kuweka nyundo, usafi ambao nyama yake haijawahi kutendewa.

Akaweka ile ya kiwandani. Mshale ukasimama kilo moja kasoro kidogo. Akaweka ya Injinia. Kilo moja na robo na ushee. Injinia akajikohoza. Dogo aliandika, akatulia, akatoa simu, akatafuta ile picha aliyopiga ukurasa wa kitabu cha mashine, na akauliza kwa sauti ile ya darasani ambayo haijui hatari:

"Mbona hapa wanasema nyundo ikiwa mpya kabisa ina gramu 800?"

"Kwa hiyo?" mwenye bucha akasema.

"Hii imefanya kazi, imelika ncha. Ilitakiwa ipungue. Inakuwaje inakaribia kilo?"

"Chuma kikinywa mvua kinaongezeka."

Foleni ilikuwa inaongea muda wote, habari za ada na mbolea. Ikanyamaza. Mama aliyekuwa mbele yetu, ambaye nyama yake ilikwishafungwa na yuko njiani kuondoka, alirudi hatua mbili.

"Rudia, mwanangu."

Dogo akarudia, safari hii akiwa na furaha ya mtu anayesikilizwa. Yule mama hakubisha na mtu. Alimtuma mtoto duka la ng'ambo, akaletewa paketi ya sukari, kilo moja, haijafunguliwa. Akaisukuma nyundo pembeni kwa kiganja, akaiweka sukari juu ya gazeti, akakunja mikono. Mshale ukapanda taratibu, ukaipita kilo, ukapumzika kwenye kilo moja na robo.

"Na sukari nayo," mama akauliza kwa upole, "imenywa mvua?"

Bucha ikalipuka. Kila mtu akaanza kukumbuka nyama aliyokula tangu anajua kutafuna. Kuna aliyekumbuka mguu wa mbuzi wa Krismasi. Kuna aliyekumbuka kwamba mkewe alimshutumu kula mnofu njiani, na sasa anataka aitwe mkewe palepale ashuhudie. Baba mmoja wa makamo alipasua sauti: "Harusi ya binti yangu nilichukua hapa kilo 40!"

"Basi ulipata 32, baba," dogo akamsaidia.

Mwenye bucha alimtupia dogo jicho ambalo sijawahi kuliona hata kwa ng'ombe. Mtu akataka kujua iko wapi stika ya Wakala wa Vipimo, maana mizani ya biashara inapaswa kukaguliwa kila mwaka. Kwenye ubavu wa mizani palikuwa na picha ya ng'ombe mzuri, mweupe, amenona. Wakambandua ng'ombe. Stika ilikuwepo chini yake, ila mwaka wake ulikuwa wa zamani kiasi kwamba wengine walianza kubishana nani alikuwa mwenyekiti wa kijiji wakati huo.

Katikati ya vurugu dogo alimvuta Injinia shati. "Sisi haituhusu. Mizani ikiongopa, inawaongopea wote sawasawa. Twende tumalize." Na kweli tukaendelea kupima, Injinia anaweka, mimi nasoma, dogo anaandika, huku juu ya vichwa vyetu watu wanadai maini yao ya miaka. Tofauti ilikuja gramu 300 na kitu. "Toa uongo wa bucha," dogo akasema, "inabaki robo kilo ileile niliyokisia." Ujinga wake ni kwamba aliyasema hayo kwa majivuno na kwa sauti, yule mama akasikia, akaona tunafanya biashara yetu juu ya msiba wa watu. Tuliondoka kwa mwendo wa haraka, na nusu kilo yetu ya mchanganyiko, yaani gramu 400.

Nyumbani Injinia alichukua ubao, akaufunga kamba katikati, akauning'iniza kwenye mwembe wa... hapana, Njombe baridi, mwembe utoke wapi, kwenye mlingoti. Nyundo huku, nyundo kule, akawa anapitisha gerenda kwenye ya kwake na kuirudisha mpaka ubao ukalala sawa. Mzani kamili, wa bure, hauna hata ng'ombe wa kubandua. Tulipomuuliza kwa nini hakufanya hivyo kabla hatujaenda kuvunja amani ya kijiji, alisema alijua tangu mwanzo, ila alitaka nyama.

Mtikisiko ukaisha. Tukaanza kusikia kilio. Beringi ya kushoto ya shafti ilikuwa inalia mwa-mwa-mwa, na ukiigusa baada ya muda mfupi inaunguza. Ndiyo ile habari ya ethi. Ukichomelea shafti huku ethi umeibana kwenye bodi, umeme hauna njia nyingine ya kurudi ila kupita ndani ya beringi. Unaruka kati ya gololi na njia zake na kuacha vishimo vidogo vidogo. Mtikisiko wa magunia mawili na debe ukamalizia. Siku hizi Injinia anabana ethi kwenye shafti yenyewe, karibu kabisa na anapochomelea, na ukimkumbusha ya zamani anasema alikuwa anaipima beringi.

Kwenye ubavu wa beringi paliandikwa 6308. Muuzaji wa mjini hakuwa nayo, akatupa 6208. "Ni ndugu yake," akasema, "shimo lao moja." Hakuongopa: zote zina shimo la milimita 40, kwenye shafti iliingia kwa raha. Ila 6308 nje ni milimita 90 na huyu ndugu ni 80, kwa hiyo ilipofika kwenye nyumba yake ikawa inatembeatembea humo, inatafuta ukuta. Injinia akaanza kuangaza macho akitafuta kipande cha bati cha kuizungushia. Mzee alimwona anavyoangaza. Hakusema neno, aliingia ndani, akapiga simu Dar es Salaam, akaagiza beringi na zile nyundo mbili kwa bei ileile iliyomkalisha kwenye tairi.

Mzigo ulipandishwa basi la Songea. Basi lilipita Njombe usiku, konda amelala, beringi yetu ikaenda kuiona Songea, zaidi ya kilometa 200 mbele, ikarudi kesho yake. Mzee aliigeuzageuza mkononi. "Imetembea nchi hii kuliko mimi," akasema.

Kufunga kulikuwa kazi ya kawaida: pula kuitoa ya zamani, grisi, nyundo mbili mpya zinazotazamana, mikanda kukazwa. Mzee akaja na chai, akakitua kikombe juu ya madigadi, akanitazama. Nikapandisha hadi 540. Chai ilifanya viduara vidogo katikati, basi. Kuku hawakunyanyua hata shingo.

Zikabaki nyundo mbili za zamani. Ya Injinia ameining'iniza gereji kwake, anawaonyesha wateja wapya. Ile ya kiwandani dogo aliondoka nayo likizo ilipoisha, akaipima kwenye maabara ya shule, ikarudi na rangi nyeupe ubavuni: 760. Hatukujua ametuanzishia ofisi. Wiki hiyohiyo akaja yule mama wa sukari kuiazima, "naenda nayo bucha mara moja." Akaja jirani yake. Ikafika mahali Jumamosi asubuhi wanapanga foleni kwetu kwanza ndipo wakapange kule, na Mzee, ambaye hawezi kuona kitu chake kinatoka bila karatasi, akafungua daftari: jina, saa iliyotoka, saa iliyorudi.

Mwenye bucha alikwishanunua mizani nyingine, ina stika ya mwaka huu, inang'aa, haina picha yoyote. Haikumsaidia. Mwanamke akiingia na kapu linaloning'inia kwa uzito, mwenye bucha anakata nyama, anaangalia kapu, anaongeza kipande.

Juzi nimekutana na yule mama njiani anateremka huko, kapu limemlemea bega moja. Nikashangaa, maana nilikuwa nimetoka stoo wakati huohuo.

"Shikamoo mama. Mbona nyundo nimeiacha stoo?"

"Marahaba. Nyamaza, baba," akaninong'oneza, akilishika kapu vizuri. "Humu nina jiwe la kusagia. Nikilitua tu mezani ananiwekea na maini."